Paa la Daktari wa Ng'ombe

Phanice Bonareri hapendi kitu kilichovimba. Geti likikamilika katika karakana yake pale Sosiot, hulilaza chini, huchukua ufito wa mwanzi wenye urefu wa mita mbili, huuweka juu ya chuma kutoka kona hadi kona, kisha huinama na kufumba jicho moja. Mwanga ukipenya chini ya ufito, geti linarudi kwenye nyundo. Mteja akisema yeye ameridhika, anaambiwa asubiri.

Ufito si chombo cha fundi wa chuma. Huu ulitoka shambani. Mama yake alichuma majani chai kwa miaka ishirini na miwili katika shamba moja kubwa karibu na mji wa Kericho, na siku hizo kila mchumaji alikuwa na ufito wake. Unaulaza juu ya michai. Machipukizi yanayochungulia juu yake yanachumwa, yaliyo chini yanaachwa, na baada ya miezi kadhaa shamba zima linakuwa tambarare kama meza. Msimamizi akiona kilima, mtu anaulizwa maswali. Sehemu kubwa ya kazi hiyo sasa inafanywa na mashine, lakini Phanice, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, alikua akijua kwamba kilichoinuka juu ya ufito ni kosa la mtu.

Wazazi wake walitoka Nyamira wakifuata kazi ya chai, na hawakurudi. Baba alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Ndiye aliyemfundisha bintiye kuchomelea. Phanice anaongea Kipsigis kwa kasi na kwa lafudhi ya Kikisii, jambo ambalo wenyeji wamezoea kulicheka na yeye amezoea kutolijali. Ana miwani miwili ya kazi, mmoja wa giza na mmoja wa kusomea, na yote miwili huning'inia shingoni kwa kamba moja.

Kwa miaka kumi na saba ametengeneza vitu vitatu: mageti, vibanio vya kushikia ng'ombe wakati wa kudungwa sindano, na fremu za malori ya chai, yale mabomba marefu yenye ndoano za kutundikia magunia ya majani. Lakini kwa kuwa mageti ndiyo mengi na ndiyo yanayoonekana barabarani, sokoni anaitwa Mama Geti. Jina hilo alilipokea vizuri miaka ya kwanza. Siku hizi akiitwa hivyo, huitika kwa kuchelewa.

Kazi ya gari ilimjia kwa sababu ya ajali.

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, lori la chai liliteleza kwenye kona chini ya Sosiot na kulala ubavu. Bati la ubavuni lilikunjana kama karatasi. Watu walipofika walimkuta dereva ameketi ukingoni mwa barabara akitafuta kiatu kimoja, na nyuma yake fremu ya Phanice imesimama vilevile, magunia yakiwa bado kwenye ndoano. Kati ya waliosimamisha pikipiki zao kutazama alikuwa Robert Kipyegon.

Kwa usahihi, Robert si daktari. Ni mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za chupa: anapigiwa simu asubuhi kwamba ng'ombe wa fulani analia, anafika na mtungi wake wa baridi kali, anavaa glavu ndefu mpaka begani, na baada ya dakika tano anaondoka. Wakulima wanamwita Daktari akiwepo. Akishaondoka wanamwita Ndume ya Pikipiki. Ana umri wa miaka thelathini na sita, urefu wa futi sita na inchi mbili, na tangu akiwa darasa la saba amependa magari ya kasi.

Miaka miwili iliyopita alinunua moja huko Nakuru: gari dogo la Kijapani la viti viwili, rangi ya bluu, la mwaka 1994, paa lake likiwa la turubai la kukunja. Gari la namna hiyo linafaa mahali penye jua. Kericho hunyesha karibu kila alasiri, na turubai lilikuwa limechanika sehemu tatu. Robert aliendesha akiwa amevaa koti la mvua ndani ya gari lake mwenyewe. Mke wake alipanda mara moja tu, akateremka, akamaliza safari kwa miguu.

Siku aliyoingia karakanani mwa Phanice alikuja na karatasi nne zilizobanwa pamoja.

"Fundi, chamgei."

"Chamgei mising, Daktari. Ng'ombe wangu hajalia."

"Sijakuja kwa ng'ombe. Nimekuja kwa hii." Alionyesha gari nje. "Nataka uniwekee rolba, na unitolee hiyo turubai, uweke paa ya chuma. Isiyofunguka. Imekazwa kabisa."

"Rolba ni nini?"

Robert alieleza. Ni bomba nene lililopindwa kama upinde, linalosimama nyuma ya viti, ili gari likipinduka uzito uangukie chuma na vichwa vya watu vibaki salama. Klabu moja ya magari ingefanya shindano la kupanda mlima kwenye barabara ya murram karibu na Fort Ternan, kutoka kwenye mashamba ya miwa hadi juu. Gari lisilo na rolba halingeruhusiwa. Karatasi zile nne zilikuwa sheria.

"Na kwa nini usipeleke Nakuru?"

"Kwa sababu niliona ile lori ya chai," Robert alisema. "Hiyo fremu yako ilikataa kulala."

Phanice alivaa miwani ya kusomea. Alisoma karatasi zote nne akiwa amesimama, akazisoma tena akiwa ameketi. Bomba lisilo na mshono, upana milimita arobaini na tano, unene wa ukuta usiopungua milimita mbili na nusu. Miguu isimame juu ya bamba la chuma, na bamba lingine liwe chini ya sakafu. Kati ya helmeti ya dereva na chuma chochote, sentimita tano. Mwisho wa ukurasa wa nne kulikuwa na mstari mtupu: *Jina la fundi aliyetengeneza.*

Aliuangalia mstari huo kwa muda.

"Wacha gari," alisema.

Habari zilifika upande wa pili wa barabara kabla Robert hajapata bodaboda ya kumrudisha nyumbani. Huko ndiko aliko Nyamweya, fundi wa bodi, mwanaume mnene mwenye sauti ya mhubiri, ambaye kwa miaka kumi na miwili amenyoosha kila gari lililogonga kitu kati ya Sosiot na Kapsoit. Alivuka akiwa na kikombe chake cha chai.

"Dada, nasikia unataka kuweka geti kwa gari."

"Rolba."

"Geti la kupinda." Alilizunguka gari. "Mimi nilimwambia Daktari hii ni kazi ya watu wa rali. Kuna watu wamesomea. Mkaguzi wa shindano akikataa, nani ataaibika? Si yeye. Yeye atarudi kwa ng'ombe. Ni wewe watasema, si tulijua, Mama Geti ni wa mageti."

"Umemaliza chai?"

"Bado."

"Basi malizia kwako."

Lakini alikuwa amesema kweli, na Phanice alijua. Mkaguzi akiligonga gari lile muhuri, mstari ule mtupu ungekuwa na jina, na jina lingekuwa lake. Akilikataa, Sosiot nzima ingekuwa na kicheko cha mwaka. Na juu ya hayo yote kulikuwa na kichwa cha Robert, ambacho hakikuwa kitu cha kupimwa kwa kubahatisha.

Alikwenda Nakuru mwenyewe kununua bomba. Alibeba kalipa, kile kipimo cha meno mawili, akapima bomba pande zote mbili mbele ya muuzaji, kisha akamwomba amkatie kipande katikati ili apime na hapo. Muuzaji alimuuliza kama anajenga ndege. Kipimo kilisoma mbili nukta sita kila mahali. Alinunua mabomba mawili kwa sababu alijua la kwanza litaharibika.

La kwanza liliharibika. Mashine yake ya kupinda, aliyoiunda kwa jeki ya lori, ilikuwa imezoea mabomba membamba ya fremu za chai. Bomba hili lilipinda vizuri hadi nusu, kisha likabonyea kwa ndani kama goti. Alilitazama, akalisimamisha ukutani, akaenda kuchukua mchanga. La pili alilijaza mchanga mkavu mpaka pomoni, akaziba ncha kwa vigingi vya mkaratusi, akalipinda pole pole mchana wote, akipiga jeki mara mbili na kupima, mara mbili na kupima. Saa kumi alasiri lilikuwa upinde safi. Alifungua kigingi kimoja na mchanga ukamwagika bila kukwama.

Kuchomelea miguu kulichukua siku mbili. Kisha ikaja siku ya kuning'inia.

Hii ni desturi ya karakana ile, aliyoianzisha baba yake. Fremu ya lori haikabidhiwi mpaka fundi aning'inie juu yake kwa mikono miwili, naye mwenye lori na mtu mmoja wa nyumbani kwake waning'inie pamoja naye, miguu ikiwa hewani. Wengine huimba. Hakuna aliyewahi kudai kwamba hicho ni kipimo cha kisayansi, lakini hakuna aliyewahi kuchukua fremu bila kuning'inia.

Mtu wa nyumbani kwa Robert aliyekuja alikuwa mama yake, Esnah, mwenye umri wa miaka sitini na minane, kitambaa cha kanisani kichwani na mkoba chini ya kwapa. Wajukuu zake wanamwita kogo, kama wanavyoitwa nyanya huku, na Phanice naye alimwita hivyo.

"Karibu, kogo. Umekuja kuona chuma?"

"Nimekuja kuona kama huyu mtoto ataniletea kilio," Esnah alisema. "Anasema ni mchezo. Mchezo gani mtu anafungwa kama mgonjwa na kuvaa ndoo kichwani?"

"Ni helmeti, Mama."

"Wewe nyamaza. Naongea na fundi. Hiyo chuma itashika?"

Rolba ilikuwa fupi mno kwa mtu kuning'inia. Phanice alikuwa ameshalifikiria hilo. Juu ya karakana kuna boriti ya chuma yenye cheni ya kuinulia injini. Alifunga mkanda mpana katikati ya upinde, akauunganisha na cheni, akaanza kuvuta. Magurudumu ya nyuma yaliacha ardhi. Yakapanda mpaka usawa wa goti, na gari likabaki hivyo, pua chini, mkia juu, kama bata anayetafuta kitu majini. Wauza nyanya waliacha nyanya. Nyamweya alivuka tena, safari hii bila kikombe.

Phanice alipita na kalipa mguu kwa mguu, mshono kwa mshono. Kisha akasimama.

"Kogo, gusa."

Esnah aliweka mkoba chini, akaligusa bomba kwa kidole kimoja, kisha akalipiga kofi kama anayempiga ng'ombe mgongoni. Gari lilitikisika. Mshono haukutoa hata mlio.

"Sawa," alisema. "Hiyo imeshika. Lakini mimi siwezi kukaa chini ya hewa. Iko wapi paa?"

Paa ndilo lililomwangusha.

Alilitengeneza kwa siku tatu, na kila aliyepita alilisifu. Fremu nyembamba kutoka juu ya kioo cha mbele hadi kwenye rolba, bamba la chuma juu yake, kingo zimekunjwa kwa unadhifu, kila mshono umesagwa ukawa laini. Alipomaliza aliweka ufito juu yake, mbele hadi nyuma, kisha kulia hadi kushoto, akafumba jicho. Hakuna mwanga uliopenya popote. Lilikuwa tambarare kuliko geti lolote alilowahi kutengeneza. Alipiga picha na simu, jambo ambalo hafanyi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Shindano lilikuwa Jumamosi.

Jumanne saa nane mchana mvua ilikuja kama ilivyo kawaida yake. Ilinyesha dakika arobaini. Ilipokatika, Phanice alitoka kulitazama gari nje na kukuta dimbwi juu ya paa. Maji hayakuwa na mahali pa kwenda. Hayakuona mteremko wa mbele wala wa nyuma wala wa kando, kwa hiyo yalikaa, na kwa uzito wake bamba likabonyea katikati kwa vidole viwili, na dimbwi likazidi. Tone moja lilikuwa likianguka ndani, kwenye kiti cha dereva, kila baada ya hesabu ya nne. Vijumbamshale wawili walitua ukingoni. Mmoja alioga.

Nyamweya aliona kutoka ng'ambo. Haikuhitajika kumwita.

"Dada yangu!" Alikuwa akifuta machozi. "Umemjengea mtu meza! Leta thermos tuweke hapa juu. Leta mandazi!"

"Cheka tu."

"Sicheki. Nauliza kama nitafuga samaki upande huu ama upande ule."

Robert alifika jioni hiyo akitoka kwa ng'ombe wa Kapsoit, akiwa na helmeti mpya kwenye mkoba wa pikipiki. Aliingia ndani, akafunga mkanda, akavaa helmeti. Ikagota bamba. Alijaribu kugeuza kichwa kulia, helmeti ikakwaruza. Sheria ilitaka sentimita tano. Pale hapakuwa na hata nusu.

"Ulipima nikiwa bila helmeti?" aliuliza kutoka ndani, sauti ikiwa kama inatoka kwenye debe.

"Nilipima ukiwa na helmeti ya kuazima. Juu ya kichwa palitosha." Phanice alikuwa amechuchumaa kando ya mlango. "Wakati huo maji yalikuwa hayajabonyeza. Na wewe siku hiyo ulikaa wima?"

Robert alifikiri. "Si wima sana. Nilikaa kama mtu anapigwa picha."

"Mbele ama nyuma ulikuwa umeegemea?"

"Nilikuwa nimeteleza kidogo chini. Nikifikiri nakusaidia."

Phanice alishika mlango akajiinua. Alisimama na kulitazama paa lake, lile lililonyooka kuliko vitu vyote. Mtu asiyemjua angedhani anaomba. Kwa kweli alikuwa akiyatazama magari mengine barabarani, jambo ambalo kwa miaka kumi na saba hakuwahi kulifanya kwa makini. Probox ya mwalimu. Pikapu ya maziwa. Gari la padri. Yote yalikuwa na paa lililovimba. Kidogo, lakini yamevimba, yote, na maji yalikuwa yakiteremka pande zote kama yanavyotaka.

"Yote yamevimba," alisema.

"Nini?"

"Toka ndani, Daktari. Nataka kukata."

Alikata paa lote jioni hiyo hiyo kabla mwanga haujaisha. Kilichobaki ni rolba, kioo cha mbele, na hewa.

Jumatano asubuhi tatizo lilikuwa moja: hakuwa na njia ya kuchora kitu kisichonyooka. Vipimo vyake vyote vilikuwa vya mstari. Alijaribu kupinda waya, ukatoka kama bonde la Kipkelion. Alijaribu kufuatisha mdomo wa karai, ukawa mduara mno, paa lingeonekana kama chungu. Mwishowe aliuchukua ufito, akaulaza juu ya kioo cha mbele ncha zikizidi nje, akaushika kwenye kona ya kushoto na kona ya kulia, akasukuma mikono yote miwili kwa ndani. Mwanzi ukapanda wenyewe katikati. Akasukuma zaidi, ukapanda zaidi, bila kona, bila kukunjika, pande zote mbili sawasawa. Alimwita muuza nyanya aliyekuwa karibu amshikie, akapiga mstari kwa chaki. Katikati palikuwa pameinuka sentimita saba.

Akafanya hivyo hivyo nyuma, juu ya rolba. Nane.

Kupinda mbavu za fremu halikuwa jambo gumu. Bamba ndilo lilikuwa gumu. Chuma cha kukunja mara moja alikijua. Chuma cha kuvimbisha hakukijua. Aliligonga upande mmoja na likatoa vidonda. Saa sita mchana kivuli kilianguka juu ya kazi. Nyamweya alikuwa amesimama pale, mikono mfukoni.

"Unalipiga kama nyoka," alisema.

"Kama umekuja kufuga samaki, dimbwi limeisha."

"Bamba halipigwi kwenye simiti. Linapigwa kwenye gunia la mchanga. Linahitaji mahali pa kwenda."

"Gunia unalo?"

"Ninalo. La ngozi. Na nyundo ya mti."

"Basi leta gunia. Maneno acha huko."

Alileta gunia, na hakuacha maneno. Alipiga na kueleza, akaeleza na kupiga, nyundo ya mti ikitua kuanzia ukingoni kuelekea katikati kwa mizunguko, na bamba likaanza kujaa taratibu kama mkate. Baada ya saa moja Phanice alimnyang'anya nyundo. Nyamweya alikaa kwenye tairi akimtazama, akisahihisha mkono wake, na saa kumi akaacha kusahihisha. Alhamisi jioni paa lilikuwa mahali pake. Ijumaa ilinyesha. Maji yaligawanyika juu na kushuka pande zote mbili. Ndani, Robert alikuwa ameketi na helmeti, mgongo kwenye kiti ipasavyo, na Phanice alipenyeza kipande cha mti cha sentimita tano kati ya helmeti na bamba. Kikapita. Akajaribu cha sentimita sita. Kikapita kwa kukwaruza.

"Usikae kama unapigwa picha," alimwambia. "Kesho ukae kama mtu."

Jumamosi magari kumi na manne yalipangwa kwenye nyasi chini ya mlima. Mengi yalitoka Eldoret na Nakuru, yakiwa yamebebwa juu ya malori. Gari la bluu lilikuja likijiendesha, Robert na Phanice ndani. Esnah alifuata kwa gari la jirani, na Nyamweya akiwa nyuma yake kwa bodaboda, akisema amekuja kutazama tu.

Mkaguzi aliitwa Kipsang, mwembamba, mwenye kofia ya bluu iliyopauka na ubao wa kuandikia. Hakusalimia mtu kwa zaidi ya neno moja. Alilala chini ya gari dakika sita. Alipotoka aligonga mabamba ya miguu kwa kijiti na kusikiliza. Alimkalisha Robert ndani na helmeti na kupima mwenyewe. Akaandika. Kisha akatoa drili ndogo ya betri mfukoni.

"Hiyo ni ya nini?" Phanice aliuliza.

"Natoboa bomba. Tundu la milimita tano, hapa chini. Napima unene wa ukuta."

"Nilishapima. Ni mbili nukta sita. Nilipima pande mbili na katikati."

"Kila mtu anasema amepima, mama."

"Unataka kutoboa kazi yangu?"

"Ndiyo," Kipsang alisema, bila ubaya wowote. "Ni wewe uliitengeneza?"

"Ni mimi."

Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. Halafu akamnyooshea drili.

"Basi toboa wewe. Mimi napima tu."

Phanice alivaa miwani ya kusomea. Alitoboa polepole, sawa kabisa na bomba, na vipande vya chuma vilitoka vinang'aa. Nyuma yake Esnah alikuwa amefumba macho, midomo ikitembea. Nyamweya alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliye makaburini. Kipsang aliingiza kipimo chembamba, akakitoa, akakitazama, akakiingiza tena upande mwingine.

"Mbili nukta sita," alisema.

Aligonga muhuri kwenye ubao wake, kisha akageuza karatasi ya nne na kumpa kalamu. Phanice aliandika jina lake lote kwa herufi kubwa kwenye mstari mtupu, na kwa kuwa nafasi ilibaki akaongeza, *Sosiot.*

Mkaguzi alikwenda kwenye gari lililofuata, jeupe, la mtu wa Eldoret aliyevaa ovaroli yenye majina ya wafadhili. Baada ya dakika tano alirudi.

"Mama, uko na mashine yako ya kuchomelea?"

"Iko kwa buti."

"Huyu bwana rolba yake imepasuka mguu. Nimempa saa moja. Hapa hakuna fundi mwingine ambaye nimeona kazi yake."

"Umeme?"

Kipsang aliangalia huku na huku. Kulikuwa na jenereta moja tu uwanjani, na ilikuwa imeunganishwa na spika za mtangazaji.

Kwa hiyo Phanice hakuona kitu. Hakuona gari la bluu likiondoka mstarini na mkia wake ukiyumba kwenye murram. Hakuona mvua ikishuka Robert alipofika kona ya tatu, wala Esnah akikimbia kando ya barabara na mkoba wake, akipiga kelele za Kipsigis ambazo haziandikiki. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya gari la watu, miwani ya giza machoni, Nyamweya akiwa amemshikia mwavuli, na kila alipowasha moto spika za mtangazaji zilikatika katikati ya sentensi.

Robert alimkuta hapo nusu saa baadaye. Alikuwa na matope mpaka masikioni.

"Fundi! Umeona ile kona?"

"Sijaona kona. Paa ilivuja?"

"Hata tone."

"Kichwa?"

"Kiko. Sasa wametangaza muda wangu? Huko juu hatukusikia kitu. Nilikuwa wa ngapi?"

Phanice alinyoosha mkono bila kutazama, na Nyamweya akamtilia mkononi rodi mpya ya kuchomelea.

"Hawajatangaza," alisema. "Ngoja kwanza, Daktari. Umeme niko nao mimi."